Upande wa Pili

Alhamisi, saa mbili kasoro, duka likishafungwa,
Balikowa husogeza kando pasi na feni za wateja,
hupangusa meza kwa kiganja, nasi tunaingia
mlango wa nyuma, kwenye uchochoro wa mafundi cherehani,
kila mtu na mfuko wake kwapani.

Mwalimu Kigenyi huuita muziki wetu roki endelevu,
kama mradi wa wizara, wenye bajeti na kibao barabarani.
Mke wangu huuita kelele za watu wasiojua kumaliza.
Yote mawili ni kweli.

Kwanza habari. Apolot katoka zamu hospitalini,
bado amevaa soksi zake nyeupe. Anasema
yule mpiga kinanda wa Trieste amefariki, tangu mwezi wa tatu,
na gazeti la kwao lilimpa mistari minne.
Minne!
Wimbo wake mmoja ulikula upande mzima wa santuri.

Halafu mali. Kigenyi ana jalada lisilo na santuri.
Mimi nina santuri hiyohiyo, haina jalada.
Mwaka wa sita huu hatujakubaliana nani amuuzie nani.
Tunabishana kwa adabu, kama wakwe.

Ndipo Apolot anafungua leso.
Kaipata Walukuba, anasema, chini ya gunia la mkaa,
kwa bei ya mkaa.
Hatuigusi. Ni yeye, marehemu, na wenzake watatu,
nakala mia tatu, siku mbili studio, kisha wakatawanyika.
Tulikuwa tumeisoma tu, kama mtu asomavyo habari za theluji.
Kwenye pembe ya jalada, wino wa buluu:
V. Jethwa, daktari wa meno, Jinja, Juni 1972.

Juni.
Kila mmoja anahesabu moyoni, Julai, Agosti,
na hakuna anayesema.
Aliisikiliza mara ngapi, daktari,
kabla ya kuambiwa sanduku lake lina uzito gani?

Sindano ikashuka. Mkwaruzo, pumzi ya mtu,
kinanda kikaingia kwa mapigo saba.
Saba hazinitishi. Kwenye embaire babu yangu
aliketi ng'ambo ya shimo, akipiga
pale tu wenzake walipoacha nafasi.

Dakika ya nne, umeme ukakatika.
Jinja! Mji unaoizalia nchi umeme,
mto unanguruma pale chini, unasukuma mitambo,
na sisi gizani tunatafutana kwa viwiko.
Mganga hajigangi, akasema Kigenyi.
Sahani ikajikokota, ikasimama.

Balikowa si msemaji.
Aliweka kidole cha shahada juu ya karatasi ya katikati,
akaanza kuzungusha.
Sogeeni, akasema.

Vichwa vinne juu ya santuri moja.
Sijui kama mnajua: sindano huimba yenyewe,
bila waya, bila spika,
kwa sauti ya mchwa anayekula mlango wa jirani.
Wimbo ulipanda, ukalegea, ukapanda,
saba zikawa saba na kitu, kwa kadiri ya uchovu wa kidole.
Apolot aliinua saa anayopimia wagonjwa,
akaimulika kwa simu: thelathini na tatu kwa dakika,
punguza, ongeza, hapohapo.
Mapigo haya, akasema, mtu angekuwa anatutoka.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Tulinusa nywele zetu, jasho, risasi ya kuchomelea,
na mkaa, bado, kwenye jalada.

Saa tatu na robo umeme ulirudi.
Feni ya mteja, iliyosahauliwa, ikaanza kupepea makaratasi.
Balikowa akanyoosha mkono wa kushoto,
akachomoa plagi ya santuri,
wa kulia haukusimama.

Upande wa pili tumeuweka mpaka Alhamisi.
Kigenyi ameshaanza kuuliza, kwa sauti ya chini,
kuhusu jalada.